Paa la Gari la Baba

Baba alipoanza kupoteza macho hakumwambia mtu. Tuligundua kwa sababu ya chai. Mama alimmiminia asubuhi moja, akaweka kikombe pale anapokiweka siku zote, upande wa kulia wa sahani, na baba akanyoosha mkono akashika hewa. Alicheka. Akasema meza imesogea. Meza ile ilikuwa haijasogea tangu nizaliwe.

Hospitali ya Berega walituambia ni presha ya macho na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Amebakiwa na mwanga, daktari alisema. Atajua mchana na usiku, atajua kivuli kikimpita mbele, basi. Njia nzima kutoka Berega mpaka nyumbani Kilosa, mama alikuwa akilia taratibu kwenye kiti cha nyuma na baba alikuwa akimuuliza dereva wa gari tulilokodi kwa nini anakaa gia ya tatu mahali pa gia ya nne. Mimi nilikuwa nimeshika lile neno moja, mwanga. Nililishika kwa nguvu. Nilidhani daktari amenipa kazi.

Baba alikuwa dereva. Babu yangu alikuja Kilosa kukata mkonge, akitokea mbali kiasi kwamba hakurudi tena kwao, na baba alizaliwa kwenye kambi za shamba, katika nyumba za mstari zenye chumba kimoja kimoja. Alitoka kwenye mkonge akapanda trekta, akatoka kwenye trekta akapanda lori, na mwishoni akawa anaendesha gari la meneja. Shamba lilipofifia, mhasibu aliyekuwa anarudi kwao alimuuzia saloon yake: gari la Kifaransa, la zamani hata wakati ule, rangi ya chai ya maziwa, lenye taa za mbele zilizolegea kidogo kama macho ya mtu mwenye usingizi. Ndani ya gari hilo nilijifunza kusoma, kwa kufuata herufi za vibao vya barabarani. Ndani ya gari hilo wanawake watatu wa mtaa wetu walikaribia kujifungua wakiwa njiani kwenda hospitali, na mmoja alijifungua kabisa. Baba aliosha viti siku mbili na hakulalamika.

Macho yalipokwisha, tulifikiri gari nalo limekwisha. Tulikosea. Kila siku saa kumi jioni baba aliinuka kwenye kiti chake barazani, akapapasa ukuta, akaenda bandani peke yake. Alikataa kushikwa mkono. Mama alijaribu mara moja, baba akamwambia, "Unanipeleka wapi? Kwani mimi mgeni hapa?" Akiwa bandani mkono wake ulilikuta gari, ukapita juu ya boneti, ukashuka, ukapata kitasa. Alifungua mlango, akakaa, akaufunga. Mlango ule ulikuwa na sauti yake, nzito na fupi, sauti ya kitu kilichokaa mahali pake. Kisha alirekebisha kioo ambacho hakioni, akawasha injini, akainamisha kichwa.

"Plagi ya tatu inakohoa," alikuwa akiniambia nikiwa nyumbani. "Sikiliza."

Nilisikiliza. Sikusikia chochote zaidi ya injini.

"Inakohoa. Niletee spana."

Akashuka, akafungua boneti, akaitoa plagi kwa vidole vyake kana kwamba anatoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Aliisafisha, akairudisha. Injini ikabadilika, na hata mimi nikaisikia. Ndani ya banda lile hapakuwa na mtu asiyeona. Mtu akija kumuulizia, mama alijibu kwa sauti kubwa makusudi ili baba asikie, "Mzee yupo kazini. Subiri atoke."

Mvua ikinyesha alikaa muda mrefu zaidi. Banda letu lilikuwa na mabati machache tu, matone yalipita na kugonga paa la gari, na alisema anaipenda mvua ya humo kwa sababu inamwambia ukubwa wa mahali alipo.

Haya yote niliyajua. Niliyaona kwa macho yangu, nikayaandika hata kwenye daftari.

*

Mwaka huo nilikuwa nimepanga chumba Mikumi ili nimalizie riwaya. Marafiki zangu wa Dar, wale tunaosomeana kazi zetu Jumamosi, walidhani nimeenda kukaa porini na twiga. Chumba changu kilikuwa hatua chache kutoka barabara kuu, malori yalipita mchana kutwa na kikombe changu kilitetemeka mezani. Ng'ambo ya barabara palikuwa na gereji. Fundi wa hapo alikuwa na kazi moja aliyojulikana kwayo kuliko zote: kukata mapaa ya magari ya utalii. Gari liliingia limefungwa kama sanduku, likatoka baada ya siku kadhaa likiwa wazi juu, wageni wakasimama ndani yake vichwa nje, wakaenda kutazama simba.

Niliitazama kazi hiyo kutoka dirishani kwa wiki nyingi. Asubuhi moja fundi aliondoa kipande cha paa, na jua likaingia ndani ya gari lile kwa mara ya kwanza tangu litengenezwe. Liliangukia viti, usukani, sakafu yenye vumbi. Nikamwona baba amekaa pale. Nikamwona amenyanyua uso. Nilihisi kile ninachohisi sentensi inapokuja yenyewe. Kwa nini mtu aliyebakiwa na mwanga tu akae chini ya bati?

Nikavuka barabara.

"Fundi, saloon unaweza kuikata paa?"

Alikuwa anakunywa uji, akanitazama juu ya kikombe. "Dada mwandishi, mimi nimekata mapaa mpaka tembo wa hapa wakiniona wananipisha. Saloon kitu gani? Saloon ni kiberiti."

"Ni ya zamani sana."

"Ndiyo nzuri. Bati la zamani ni bati. Haya ya siku hizi ukiyakoholea yanabonyea."

"Na mvua?"

"Nakushonea turubai la kukunja, na pinde zake za bomba. Ukitaka unafunika, ukitaka unafunua. Kama mwavuli wa bibi harusi."

"Halitadhoofika?"

Aliweka kikombe chini, akanyooshea kidole gari moja la kijani lililokuwa limeegeshwa kwenye kivuli, refu, limekaa juu ya magurudumu yake kama ng'ombe dume. "Unaliona lile? Nimelikata mwenyewe, mwaka gani hata sikumbuki. Mpaka leo linavuka mito. Limekuja kubadilishiwa taa tu."

Tukalitazama wote wawili lile gari la kijani, tukaridhika. Hapo ndipo kosa letu lilipo, la kwake na la kwangu. Mahali pengine labda mtu angeuliza zaidi. Mikumi gari kukatwa paa ni jambo la kila wiki, kama kunyoa nywele. Nani angeniambia kwamba kuna gari lisilonyolewa?

Baba nilimwambia nalipeleka kupakwa rangi.

"Rangi mimi siioni, mama," alinijibu. Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake.

"Sisi tunaiona, baba."

"Haya. Fundi wa wapi?"

"Wa Mikumi. Anatengeneza magari ya utalii."

"Magari ya utalii." Aliyarudia maneno hayo kama mtu anayeonja mboga na kuhisi kuna kitu kimekosekana. "Mwambie asiguse kabureta. Siku ngapi?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili," akamwambia mama, kana kwamba mama hakuwa amesimama pale.

Nililiendesha mwenyewe, njia ya vijiji vya Ulaya na Zombo, polepole, nikiwapisha ng'ombe wa wafugaji na baiskeli zilizobeba mkaa. Lilikwenda bila kelele. Kwenye makorongo milango yote minne ilinyamaza kimya. Nakumbuka niliipigapiga dashibodi kwa mkono, nikaliambia gari litanishukuru.

*

Fundi alichora mstari wa chaki kuzunguka nguzo za madirisha. Nilishika simu nikarekodi. Grenda lilipogusa nguzo ya kwanza cheche ziliruka, harufu ya chuma cha moto ikanijaa puani, na nikawatumia marafiki zangu wa Dar video ile. Wakanirudishia mioyo na makofi. Mmoja aliandika kwamba hiyo tayari ni riwaya. Mafundi wanne waliliinua paa, wakalilaza kwenye majani kando ya ukuta. Lilipotua lilipinda kidogo. Upande wa ndani lilikuwa bado na kitambaa chake cha kijivu, na juu ya kiti cha dereva palikuwa na alama nyeusi ya mafuta ya nywele, mahali kichwa cha baba kilipogusa kila alipopita kwenye shimo.

Kisha fundi akafungua mlango wa dereva ili afagie vyuma, na mlango ukakataa kufunga.

Aliusukuma. Akauinua kidogo, akausukuma tena. Akaenda mlango wa nyuma. Nao ulipofunguka haukurudi. Gari lilikuwa limelegea katikati, si sana, upana wa vidole viwili, lakini jicho lililiona likizama kama kitanda cha kamba kilichokaliwa na watu wengi. Fundi alilala chini akamulika na tochi. Alikaa huko muda mrefu.

"Dada," alisema akiwa bado chini. "Hili halina chasisi."

"Maana yake?"

Akajitoa, akakaa kwenye vumbi. "Yale ya porini yana mifupa chini. Vyuma viwili virefu, mbele mpaka nyuma. Bodi ni shati tu, unaweza kulivua gari likatembea. Hili..." Alipiga ubavu wa gari kwa kiganja. "Hili shati ndiyo mifupa yenyewe. Na paa lilikuwa limeshikilia."

"Lirudishe."

"Limepinda. Na chini kumeshakaa vibaya. Nikilirudisha ni kama kumvika mtu kofia ya mtoto."

Lori lilipita, likafuatwa na lingine.

"Kuna njia," alisema mwishowe. "Nachomelea vyuma chini, pande zote mbili. Na milango naichomelea, yote minne, iwe ukuta. Hapo halilegei tena."

"Na watu wataingiaje?"

"Wataruka. Vijana wanapenda, wanaona ni staili."

"Baba yangu ana miaka sabini na kitu. Na haoni."

Aligeuka akanitazama usoni, na sitasahau jinsi alivyonitazama. "Haoni? Dada, hilo mbona hukuniambia?"

Ningeweza kusema hapo: basi, acha, nitalirudisha kwa baba kama lilivyo, nimweleze. Bado milango ilikuwa inafunguka. Isingefunga, lakini ingefunguka. Nilikuwa na nafasi hiyo, asubuhi nzima. Badala yake nililitazama gari wazi juani, nikaona bado ni zuri, nikaona ile picha yangu bado inawezekana, baba na uso wake na mwanga. Nilimwambia achomelee. Wiki mbili zikawa miezi miwili. Mama alinipigia simu kila Jumapili, akiuliza riwaya inaendeleaje, na mwisho wa mazungumzo, kama jambo lililomjia tu, "Mzee anauliza rangi haijakauka?"

*

Baba alikuwa barazani siku niliyolirudisha. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nilipokata kona alisimama, na kabla sijazima injini aliuliza, "Mbona inasikika kama pikipiki?"

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Alisimama mlangoni. Alisema "Ee," basi, akajishika kifua na ule unga ukabaki kwenye kanga yake.

Baba akaja. Mkono wake ukalikuta gari, ukapita juu ya boneti kama siku zote, ukapanda kioo cha mbele taratibu, ukafika ukingo wa juu. Hapo ukaendelea kwenda nyuma, mahali palipopaswa kuwa na paa, ukaanguka hewani. Aliurudisha. Akaanza tena kutoka kwenye kioo, polepole zaidi, kama mtu anayehesabu upya kwa kudhani amekosea mwenyewe. Ukaanguka tena. Basi akashuka mpaka kwenye kitasa, akabonyeza, akavuta.

"Umefunga na ufunguo?"

"Hapana, baba. Umechomelewa."

"Huu?"

"Yote."

Alikiachia kitasa. Vidole vyake vikafuata mstari wa welding, kutoka juu mpaka chini, vikarudi juu. Ilikuwa welding nzuri. Fundi alifanya kila alichoweza.

"Haya magari hayana chasisi, mama," alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kwa sauti ile ile aliyonifundishia klachi. "Paa ndilo linaloyashika."

Sentensi moja. Alikuwa nayo wakati wote, bure, pale barazani, saa yoyote ningeiomba. Nilikuwa nimezungumza juu ya gari lile na fundi, na marafiki zangu, na mwenye nyumba wangu wa Mikumi, hata na mama muuza uji. Nilikuwa nimezungumza na kila mtu isipokuwa dereva wake.

"Nilitaka upate mwanga," nikasema.

Mama alikuwa ameanza kusema kitu, baba akainua mkono kumzuia.

"Aa," alisema. "Kumbe ni hivyo. Basi nipandishe nikauone."

Niliwaita vijana wawili wa bodaboda waliokuwa kona. "Shikamoo mzee," mmoja alimwambia, "shika shingo yangu. Usiogope, mimi nabeba mpaka majeneza." Mwenzake akamkemea. Baba akasema, "Marahaba. Jeneza halina mdomo, mimi nitakwambia ukinidondosha." Wakacheka, wakamwinua, miguu yake ikapita juu ya ukuta wa gari, kiatu kimoja kikamvuka na kudondoka chini. Mama akakiokota, akakifuta, akamvalisha akiwa amekaa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kuona baba akiingizwa ndani ya gari lake.

Nikaendesha mpaka stesheni na kurudi kwa njia ya sokoni. Kilosa gari wazi ni la harusi, hakuna lingine. Wanawake waliokuwa wamekaa na nyanya zao wakapiga vigelegele kabla hawajaona vizuri ni nani.

"Harusi ya nani leo?"

"Si mzee dereva huyo! Anaoa tena!"

"Mzee, na mama watoto je? Umemwacha na nani?"

Baba alipunga mkono. Alitabasamu kila upande sauti ilipotokea, akageuka kulia, akageuka kushoto, kama kiongozi. Upepo ulikuwa mwingi, sikuweza kumsikia alichokuwa anasema na naamini yeye hakuweza kuisikia injini. Aliinamisha kichwa mara moja, mara mbili, akitafuta kile kikohozi chake. Kisha akaacha.

Nyumbani vijana wale wakamshusha. Nikamuuliza kama ameuona mwanga.

"Mwingi," alisema. "Mwingi kweli, mama. Ahsante."

Nililala nikiwa nimeanza kujisamehe. Asubuhi mama aliniambia, akichambua mchele bila kuinua uso, kwamba jua lilimchoma baba macho mpaka alilala na kitambaa cha maji usoni, na kwamba baba amemkataza asiniambie. "Lakini mimi nimekuzaa," alisema. "Nisipokuambia mimi, nani atakuambia?"

*

Nilirudi Mikumi. Mama alinisimulia kwenye simu yaliyofuata. Wiki ya kwanza saa kumi ilipofika baba aliinuka, akapapasa ukuta, akafika kona ya nyumba, akarudi. Wiki ya pili aliinuka akakaa tena. Baadaye hakuinuka. Alianza kuomba aelezwe ni saa ngapi, yeye ambaye hakuwahi kuuliza. Turubai la fundi lilifunika vizuri, lakini mvua ilipolipiga, mama alisema, lilitoa sauti ya mtu anayekung'uta nguo.

Nilimweleza fundi. Jumapili moja alifunga mashine yake ya kuchomelea nyuma ya pikipiki akaja Kilosa bila kualikwa, akanikuta nami nimekuja kuwasalimia wazazi. Alipofika barazani alichuchumaa mbele ya baba badala ya kukaa kwenye kiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mzee. Nimekuja kukufungulia mlango mmoja. Wa dereva."

"Kabureta uligusa?"

"Sikugusa."

"Vizuri. Welding yako imenyooka. Ulifundishwa wapi?"

Wakaongea hivyo nusu saa, mambo ya fimbo za kuchomelea na chuma, kama watu waliokutana safarini. Kisha fundi akaukata mlango. Gari likashuka tena, kidogo tu, lakini likashuka. Baba akafungua, akakaa peke yake. Akavuta mlango. Haukuingia. Uligonga ukaachia mwanya, ukarudi na kumgonga goti. Fundi akaleta kamba, akamwonyesha namna ya kuufunga kwenye nguzo ya kiti. Vidole vya baba vilishika kamba ile, vikaigeuza, vikaujua uzi wake ni wa katani, mkonge ule ule.

"Inatosha, fundi," alisema. "Uchomelee kama ulivyokuwa. Hivi litakatika likiwa na mtu."

Fundi alichomelea. Alikataa chakula. Alipokuwa anawasha pikipiki aliniambia bila kunitazama kwamba tangu siku ile hajakata paa lolote kabla ya kulala chini ya gari kwanza.

Mavuno yalipokuja, baba mwenyewe ndiye aliyesema banda litumike kuwekea mahindi. Kijana mmoja wa Dumila anayeshughulika na mapambo ya harusi alikuwa amesikia habari za gari wazi Kilosa, akaja kulinunua, akiwa na lori dogo la kulivuta. Alilipenda. Alizunguka akilipiga picha, akasema maharusi watagombania. Tulilisukuma kutoka bandani: kijana yule, mimi, mama na kanga yake kiunoni, na baba. Hatukumwita. Alikuja mwenyewe akaweka viganja vyote viwili kwenye buti, akainama, akasukuma. Alipumua kwa nguvu. Gari lilipofika kwenye mteremko likatutoka mikononi, yeye akabaki ameinama hivyo hivyo, viganja mbele, mpaka aliposikia mnyororo ukifungwa.

Lori lilipoondoka hakungoja lipotelee. Aligeuka akarudi bandani, kwa haraka yake ya zamani, haraka ya mtu anayepajua anapokwenda, mkono wa kulia ukiwa umetangulia chini kidogo, usawa wa boneti. Mkono haukukuta kitu. Alipiga hatua nyingine, kisha nyingine, akasimama katikati ya sakafu yenye madoa ya mafuta. Aliusogeza mkono kushoto. Akausogeza kulia. Kumbe lile gari ndilo lililokuwa likimwambia ukuta uko wapi, nguzo iko wapi, mlango wa kutokea uko wapi, na mimi sikulijua hilo mpaka nilipomwona anazunguka taratibu mahali pamoja, akielekeza uso kwenye ukuta ambako hapakuwa na mlango.

Nilitaka kukimbia nimshike. Sikuthubutu, hakuwahi kukubali kushikwa mkono.

"Mama," aliniita, hakupaza sauti. "Uko hapo?"

"Nipo, baba."

"Njoo unishike mkono. Sijui nimeingilia wapi."